Saratani Mbili Katika Utumbo Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta, Kuzipima na Kuziandikia Ripoti

Mgonjwa akishaonekana kuwa na saratani katika utumbo mpana, kila mtu hujiona amefika mwisho wa safari ya kutafuta: ndugu wamepata jibu, daktari wa upasuaji ana kitu cha kuondoa, na maabara ina sampuli ya kusoma. Mwongozo huu unahusu kosa linalozaliwa hapo. Katika kila wagonjwa mia moja wenye saratani ya utumbo mpana au ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya tundu la haja kubwa, watatu hadi watano hivi huwa na saratani nyingine katika utumbo uleule na kwa wakati uleule. Mara nyingi huwa mbili. Tatu au zaidi ni nadra, lakini zipo. Ile isiyotafutwa hubaki tumboni baada ya upasuaji, hukua, na mwaka mmoja au miwili baadaye huitwa saratani iliyorudi, ilhali haikuwahi kuondoka.

Mimi hufanya kazi upande wa hadubini hapa Dar es Salaam, na ninaandika kwa ajili ya madaktari vijana, wauguzi wa vyumba vya kolonoskopi (kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa mrija wenye kamera), wataalamu wa maabara ya patholojia, na ndugu wa wagonjwa wanaotaka kuelewa kwa nini mgonjwa wao anaambiwa apimwe utumbo tena hata baada ya kushonwa na kupona. Ndugu wasome hatua ya pili, ya tatu na ya mwisho kwa makini zaidi. Zilizobaki zina mambo ya kitaalamu, ingawa hakuna ubaya wa kuzisoma zote.

Hatua ya kwanza: Fahamu kinachohesabiwa kuwa saratani ya pili

Vigezo vinavyotumika hadi leo vilitolewa na Warren na Gates mwaka 1932. Viko vitatu: kila uvimbe uwe na sura kamili ya saratani chini ya hadubini, kila mmoja usimame peke yake, ukiwa umetenganishwa na mwenzake kwa utando mzima usio na saratani, na iwe imethibitika kwamba mmoja si mtawanyiko wa mwingine. Kigezo cha tatu ndicho kigumu, nami nitakirudia tutakapofika maabara.

Kuhusu muda, wataalamu wengi huziita saratani za wakati mmoja zile zinazogunduliwa pamoja au ndani ya miezi 6 tangu ya kwanza igunduliwe, na zinazojitokeza baada ya hapo huitwa saratani za kufuatana. Wengine huweka mpaka katika miezi 12. Usipoteze nguvu kubishana juu ya mpaka huo, ila andika katika faili tarehe ya kila ugunduzi, ili anayekuja baada yako aweze kuhesabu kwa mpaka anaoutumia yeye.

Jambo moja linalovuruga hesabu ni vinyama, yaani viotea vya utando wa utumbo (polipu), vyenye chembe zilizobadilika sana ambazo bado hazijavuka utando wa ndani wa utumbo. Baadhi ya waandishi wamevihesabu kuwa saratani, wengine hawakuvihesabu, na hiyo ni sababu mojawapo ya tafiti kutofautiana katika asilimia zake. Ushauri wangu ni kutoviingiza katika hesabu ya saratani, lakini kuvitaja kimoja kimoja katika ripoti. Kinyama cha aina hiyo kikiachwa kinaweza kugeuka saratani.

Hatua ya pili: Sikiliza dalili zisizolingana na uvimbe uliopatikana

Hakuna dalili ya pekee inayosema kwamba ndani mna saratani mbili. Mgonjwa huja na malalamiko ya ule uvimbe mkubwa au ule uliokaa mahali pabaya, na mwenzake hukaa kimya. Hata hivyo, mwenye kusikiliza vizuri anaweza kushtuka mapema, kwa sababu kila upande wa utumbo mpana una tabia yake. Upande wa kulia ni mpana na choo chake bado ni majimaji, hivyo uvimbe wa huko huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho, na mgonjwa huja amechoka, anaona kizunguzungu, amepauka viganja na kope. Upande wa kushoto ni mwembamba na choo kimeshakuwa kigumu, hivyo uvimbe wa huko hubadilisha mwenendo wa choo, hukifanya kitoke chembamba, na mwishowe huziba. Uvimbe wa puru huleta damu mbichi na hamu ya kwenda chooni isiyokwisha hata baada ya kutoka.

Sasa tuseme amekuja mzee wa miaka 62 kutoka Mbagala, choo kimekuwa chembamba kwa miezi mitatu, na kolonoskopi imeishia katika uvimbe wa sigmoidi, yaani sehemu ya utumbo mpana upande wa kushoto iliyo juu ya puru, wenye upana wa sentimita 3 ambao hauvuji damu hata kidogo. Hemoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni 6, iko chini sana. Uvimbe ulioonekana hauwezi kueleza upungufu huo wa damu, na daktari anayeridhika nao ameacha swali la mgonjwa bila jibu. Hapo ndipo pa kushuku upande wa kulia. Najua katika jiji hili upungufu wa damu una sababu nyingi: malaria, minyoo, selimundu, lishe. Lakini kwa mwanamume mzima, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, upungufu wa madini ya chuma usio na maelezo ni sababu tosha ya kuutazama utumbo wote, na kumwongezea damu kisha kumrudisha nyumbani na vidonge ni kuahirisha tu.

Neno kwa ndugu: damu katika choo isipewe jina la bawasiri kabla ya kupimwa. Bawasiri na saratani huweza kukaa kwa mtu mmoja, na kipimo cha kwanza, cha daktari kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa, ni cha dakika moja na hakihitaji mashine yoyote. Wengi hukikataa kwa haya. Zungumzeni na mgonjwa kabla ya kufika, na mwombeni daktari wa jinsi anayoridhika nayo ikiwezekana.

Hatua ya tatu: Uliza habari za ukoo kwa maneno ya nyumbani

Saratani nyingi za wakati mmoja hutokea kwa watu wasio na ugonjwa wowote wa kurithi, hasa wazee, na wanaume zaidi kuliko wanawake. Lakini zaidi kidogo ya moja kati ya kumi hutokea kwa watu wenye hali maalumu: ugonjwa wa Lynch (kasoro ya kurithi katika jeni zinazorekebisha makosa ya jeni nyingine), ugonjwa wa kurithi wa vinyama vingi unaotokana na jeni ya APC, ugonjwa wa vinyama vyenye sura ya meno ya msumeno, au ugonjwa sugu wa kuvimba kwa utando wa utumbo kama vile kolaitisi ya vidonda. Mgonjwa mwenye umri chini ya miaka 50 na saratani mbili anapaswa kufikiriwa hivyo hadi vipimo viseme vinginevyo.

Ukiuliza, "Kuna historia ya saratani katika familia?" utajibiwa "hapana", na jibu hilo litakuwa la kweli kwa jinsi muulizwaji alivyolielewa swali. Katika koo zetu wengi walifariki bila jina la ugonjwa. Uliza badala yake kama yupo aliyefariki kwa tumbo kujaa, aliyekonda huku anaharisha damu, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo akawekewa mfuko wa choo tumboni. Uliza kuhusu shangazi au mama mdogo aliyeanza kutokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi, kwa maana saratani ya mji wa mimba ni ndugu wa karibu wa saratani ya utumbo katika ugonjwa wa Lynch. Uliza umri wa kila mmoja alipougua. Kama haujulikani, uliza watoto wake walikuwa darasa la ngapi. Chora mti wa ukoo katika faili. Kazi hiyo huchukua robo saa, nami sijui kipimo kingine cha bei hiyo chenye faida kama hiyo.

Hatua ya nne: Utazame utumbo wote kabla ya upasuaji

Hii ndiyo hatua inayookoa watu. Kolonoskopi inapaswa kufika hadi mwanzo wa utumbo mpana, mahali panapoonekana tundu la kidole tumbo na mlango wa utumbo mwembamba, na picha za alama hizo mbili zihifadhiwe katika ripoti. Wakati wa kuurudisha mrija, mtazamaji atumie si chini ya dakika 6, na muda huo ni wa kutazama tu, bila kuhesabu dakika za kukata vinyama. Takriban theluthi moja au zaidi ya wenye saratani ya utumbo mpana huwa pia na vinyama vya adenoma, aina inayoweza kugeuka saratani, mahali pengine, hivyo mwenye kutafuta kwa makini hapotezi muda hata pale asipoikuta saratani ya pili.

Kolonoskopi nyingi hushindikana kwa sababu ya maandalizi. Mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na apewe maelezo kwa maandishi. Vidonge vya kuongeza damu visimamishwe angalau siku 5 kabla, kwa sababu hukifanya choo kiwe cheusi na kinate ukutani mwa utumbo; na wagonjwa wetu hawa ndio hasa wanaopewa vidonge hivyo. Siku mbili au tatu kabla aache mboga za majani, maharage, na matunda yenye mbegu kama mapera na pasheni. Siku moja kabla atumie vinywaji vyepesi pekee: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya madafu. Juisi ya rozela na ubuyu wa rangi asitumie, maana wekundu wake hufanana na damu. Dawa ya kusafisha utumbo igawanywe mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda apangiwe mapema na daktari wake.

Kila uvimbe unaoonekana ukatwe sampuli yake, na kila sampuli iwekwe katika kichupa chake. Uvimbe mdogo unaotarajiwa kuondolewa kwa upasuaji uwekewe alama ya wino mweusi ukutani mwa utumbo, jirani na uvimbe wenyewe. Daktari wa upasuaji anayetumia kamera kupitia matundu madogo hana nafasi ya kuupapasa utumbo kwa vidole, na hata mwenye kufungua tumbo lote anaweza kuupita uvimbe mdogo bila kuuhisi.

Picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga hutafuta mtawanyiko na huonyesha uvimbe mkubwa, lakini CT ya kawaida isichukuliwe kuwa badala ya kolonoskopi. Uvimbe wa puru huongezewa picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku. Kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo baadhi ya saratani huimwaga katika damu, kichukuliwe kabla ya upasuaji ili baadaye kuwe na cha kulinganisha nacho. Hakina uwezo wa kusema saratani ni ngapi.

Hatua ya tano: Utumbo ukiwa umeziba

Hapa kwetu wengi hufika wakati mrija hauwezi kupita, na kwa wagonjwa hao hatua ya nne haiwezekani kwa ukamilifu. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kolonoskopi ya CT, ambamo utumbo hujazwa hewa na kupigwa picha. Hii humfaa mgonjwa ambaye njia yake imekuwa nyembamba lakini haijaziba kabisa. Ya pili ni kuupapasa utumbo wote tumbo likiwa wazi, na pale vifaa vinapokuwepo, kupitisha kolonoskopi wakati wa upasuaji wenyewe. Ya tatu, ambayo haipaswi kukosekana kwa yeyote ambaye utumbo wake haukuonekana wote, ni kolonoskopi kamili ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji. Ikiwa mgonjwa aliwekewa mfuko wa choo tumboni, mrija hupitishwa katika tundu la mfuko huo, na kipande cha chini kilichofungwa kitazamwe pia kupitia njia ya haja kubwa. Kipande hicho husahaulika mno.

Hatua ya sita: Chagua upasuaji kwa kuangalia mahali zilipo

Saratani mbili zikiwa katika sehemu moja au sehemu zinazopakana, upasuaji mmoja uliopanuliwa hutosha. Zikiwa mbali, tuseme moja mwanzoni mwa upande wa kulia na nyingine katika sigmoidi, hoja huwa ngumu. Unaweza kukata vipande viwili na kuunga mara mbili, ukimwachia mgonjwa utumbo mwingi zaidi, lakini maungio mawili ni nafasi mbili za kuvuja, na kipande kinachobaki katikati lazima kiwe na mishipa ya kukilisha damu. Au unaweza kuondoa karibu utumbo mpana wote na kuunga utumbo mwembamba na puru, muungo mmoja tu, huku mgonjwa akijiandaa kwenda chooni mara tatu hadi tano kwa siku kwa maisha yake yote.

Kwangu mimi, umri, hali ya misuli ya kubana haja na chanzo cha ugonjwa vina uzito kuliko mazoea ya daktari. Kijana mwenye ugonjwa wa Lynch hunufaika na upasuaji mpana kwa kuwa utumbo unaobaki unaweza kuzaa saratani nyingine. Bibi wa miaka 78 ambaye choo chake cha nyumbani kiko uani asihukumiwe kwenda huko mara tano usiku na mchana bila kuulizwa. Aulizwe yeye mwenyewe, wanawe wakiwepo.

Saratani ya puru ikiambatana na nyingine ya juu zaidi katika utumbo mpana, mpangilio wa matibabu huhitaji kikao cha pamoja. Mionzi ya nyonga, iwe ya siku 5 yenye jumla ya grei 25 (grei ni kipimo cha mionzi) au ya wiki 5 hivi pamoja na dawa, haifiki uvimbe wa juu, nao huendelea kukua wakati huo. Kwa kuwa mgonjwa wa Dar es Salaam anaweza kufanyiwa upasuaji Muhimbili na kupelekwa taasisi ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi, faili lake litaje saratani zote mbili katika ukurasa wa kwanza, si katika barua iliyokunjwa nyuma.

Hatua ya saba: Peleka sampuli inavyostahili, na uisome inavyostahili

Niliwahi kupokea ndoo moja kutoka hospitali moja ikiwa na vipande viwili vya utumbo, bila uzi wa alama, bila mchoro, na fomu imeandikwa "utumbo, saratani". Nilitumia nusu siku kubaini kipi ni cha kulia, na jibu la tezi za limfu za kila upande halikuweza kupatikana kwa uhakika. Mgonjwa yule alistahili zaidi ya hapo. Kila kipande kiwe na chombo chake chenye mdomo mpana, uzi upande wa juu, na formalini ya asilimia 10 isiyopungua mara kumi ya ujazo wa sampuli. Formalini hupenya takriban milimita moja kwa saa, na joto letu haliisubiri nyama. Utumbo ufunguliwe na kusafishwa mapema.

Katika kukata, pima kila uvimbe, umbali kati ya mmoja na mwingine, na umbali wa kila mmoja hadi ukingo wa karibu. Chukua bloku, yaani vipande vidogo vya kusomwa kwa hadubini, zisizopungua nne kwa kila uvimbe, moja ikionyesha mahali saratani inapokutana na utando mzima. Chukua pia bloku ya utando ulio katikati ya saratani mbili. Tafuta tezi za limfu zisizopungua 12, nazo zitenganishwe kufuata eneo la kila uvimbe kadiri inavyowezekana. Kisha tazama kila kinyama, hata kilicho kidogo kama punje ya mtama.

Tukirudi kwenye kigezo kile cha tatu: ushahidi bora kwamba uvimbe umeanzia hapo ulipo ni kuona mabaki ya adenoma pembeni mwake, yakionyesha chembe zikibadilika hatua kwa hatua kutoka utando wa ndani kwenda chini. Uvimbe uliotoka kwingine kwa kawaida huwa umekaa zaidi katika misuli au upande wa nje wa utumbo, hujaa ndani ya mishipa, na utando unaoufunika unaweza kuwa mzima. Tofauti ya sura kati ya uvimbe mmoja na mwingine husaidia, lakini kufanana si hoja: saratani mbili zilizoanza kila moja kivyake zinaweza kufanana kama mapacha. Aina zenye ute mwingi na zenye kasoro ya kurekebisha jeni huonekana zaidi katika kundi hili kuliko katika saratani za peke yake.

Hatua ya nane: Pima kila saratani kivyake

Protini nne za kurekebisha makosa ya jeni, yaani MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zipimwe katika kila uvimbe. Zote mbili zikiwa zimepoteza MSH2 na MSH6, ugonjwa wa Lynch unakuwa mbele ya mawazo. Zote mbili zikiwa zimepoteza MLH1 na PMS2 kwa mtu mzee, huenda jeni ya MLH1 imezimwa bila urithi wowote, na kipimo cha jeni ya BRAF husaidia: mabadiliko yake yaitwayo V600E yakipatikana, Lynch huwa mbali. Moja ikiwa na kasoro na nyingine nzima, uwezekano wa kutorithi huongezeka ingawa haumalizi hoja.

Jeni za RAS nazo zinaweza kutofautiana kati ya saratani mbili za mtu mmoja. Hilo lina uzito mgonjwa anapokuwa na mtawanyiko katika ini, kwa sababu dawa zinazolenga EGFR, protini inayochochea chembe kukua, hazifanyi kazi saratani ikiwa na mabadiliko ya RAS, na huwezi kujua kwa macho ini limevamiwa na ipi. Pima sampuli ya ini lenyewe. Ikikosekana, pima saratani zote mbili. Fedha zikitosha kipimo kimoja tu, pendekezo langu ni ile iliyofika hatua ya juu zaidi, na ripoti iseme wazi kwamba nyingine haikupimwa.

Hatua ya tisa: Andika ripoti, kisha panga marejeo

Kila saratani ipewe aya yake: mahali, ukubwa, aina, daraja, kina, mishipa na neva, kingo. Hatua ya jumla huandikwa kwa kufuata saratani iliyozama zaidi, na idadi huongezwa katika mabano: pT3(2) humaanisha saratani mbili, na iliyozama zaidi imefika katika mafuta nje ya msuli. Matibabu ya dawa hufuata hatua hiyo ya juu. Kuhusu matarajio ya maisha, tafiti hazikubaliani kama saratani mbili ni mbaya kuliko moja ya hatua ileile; ninachomwambia mgonjwa ni kwamba hatua ya ugonjwa ina uzito kuliko idadi.

Kolonoskopi ya marejeo hufanyika mwaka mmoja baada ya upasuaji kwa ambaye utumbo wake ulionekana wote, kisha baada ya miaka 3, kisha 5, iwapo hakuna kipya. Mwenye Lynch hupimwa kila mwaka au kila baada ya miaka 2. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa yeyote waanze kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua mgonjwa, lipi litangulie. Katika koo za Lynch huanza mapema zaidi, kati ya miaka 20 na 25, na watoto wa ukoo wenye vinyama vingi vya APC huanza wakiwa na miaka 10 hadi 12.

Tarehe ya kolonoskopi ijayo iandikwe katika kadi ya kuruhusiwa, kwa wino, pamoja na namba ya simu ya ndugu mmoja anayejulikana kuwa hupokea. Mgonjwa anayehamia Kigoma au Tunduru baada ya upasuaji apewe nakala ya ripoti ya patholojia mkononi, yenye maneno haya katika mstari wa kwanza: saratani mbili, zimeondolewa, utumbo uliobaki umetazamwa tarehe fulani, au haujatazamwa.